Mutoto wa kulelewa akifikisha miaka 18, anaenda wapi?



Kila mwaka, wakati matokeo ya mutihani wa Leta inatangazwa, jamaa fulani za kanisa zinakuja kunitafuta ku biro ya parwasi na ulizo moja tu. Hawaulizi juu ya watoto wao wa kuzaa. Wanauliza juu ya wale waliowapokea: yatima, mutoto aliyeokotwa njiani, mutoto wa ndugu aliyefia mu shimo la kuchimba. "Pasta, huyu sasa amekamilisha miaka 18. Musaada tuliyokuwa tunapata juu yake imekatwa. Tumufanye nini?"

Vijana wenyewe nao wanauliza, lakini kwa sauti ya chini. Mumoja aliniambia hivi: "Pasta, banasema niko mukubwa. Sawa. Lakini mukubwa hana fasi ya kulala, anaenda wapi?" Juu ya neno lile ninaandika mwezi huu.

Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, ile inayolinda mutoto, inasema kwamba mutoto ni kila mutu ambaye hajafikisha miaka 18. Ni sheria nzuri. Inakubali kwamba mutoto asiye na wazazi anaweza kuwekwa mu jamaa ya kumupokea, ao mu nyumba ya kulelea watoto. Lakini siku ya kuzaliwa haimupi mutu kazi. Haimupi chumba wala sufuria. Tuangalie mu nyumba zetu: mutoto wako wa kuzaa akifikisha miaka 18, nani anamufukuza? Anabaki, anakula bukari na wadogo wake, anatafuta masomo ya juu ao kazi. Akikosa, anarudi. Hata akiwa na miaka 25 anajua mulango haujafungwa. Basi huyu mwingine, ambaye alianza maisha na taabu kupita wote, juu ya nini tunamuomba awe mutu muzima kwa siku moja?

Wazee wetu hawakuwa na shida hii sana. Mu kijiji kijana alikuwa na wajomba, alionyeshwa shamba, alisaidiwa kuoa. Lakini sisi ni watu wa kambi na wa miji ya kazi. Baba zetu walitoka mbali, wengine Kasai, wengine Lomami, wengine ngambo ya Luapula. Mutoto akibaki peke yake Kolwezi ao Likasi, mujomba wake yuko wapi? Pengine hajulikani hata jina.

Ndugu mumoja wa kanisa letu anaishi Marekani. Yeye na bibi yake wanalea watoto ambao Leta ya kule inaweka mu jamaa. Alipotutembelea wakati wa baridi, nilimuuliza: kwenu mutoto wa namna hii akifika 18, inakuwa namna gani? Alicheka kidogo, akasema: "Pasta, hata bazungu balikuwa na shida ile ile. Ilibaomba miaka mingi."

Akanieleza. Zamani kule, siku mutoto alipofikisha miaka 18, feza ya kumulea ilisimama. Wengi walitoka na nguo zao mu mufuko wa kutupia takataka, basi. Mwaka 1986 Leta ilianza kupatia majimbo feza ya kufundisha vijana tangu miaka 16: namna ya kutafuta kazi, kuchunga feza, kujipikia. Ilikuwa vizuri, lakini mutu hawezi kulala juu ya mafundisho. Kwa hiyo tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 1999, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria nyingine. Musaada ile ilipewa jina la John Chafee, senatere wa Rhode Island, aliyekufa mwaka ule ule. Feza ilipanda toka dolari milioni 70 mpaka milioni 140 kwa mwaka. Kila jimbo lilipaswa kuongeza feza yake. Na sasa sehemu ya ile feza, mpaka 30 juu ya 100, iliweza kulipa nyumba na chakula cha vijana wa miaka 18 mpaka 21.

Halafu waliona kwamba kijana anayelala vizuri bila masomo anabaki masikini. Mwanzoni mwa 2002 wakaongeza feza ya masomo, mpaka dolari 5,000 kwa mwaka kwa kijana mumoja. Mwaka 2008 sheria ingine iliruhusu majimbo kuchunga kijana mpaka miaka 21. Tena iliomba kwamba siku 90 mbele ya kutoka, mutumishi wa Leta aikale na kijana, waandike pamoja mupango: utalala wapi, utakula nini, nani atakusaidia. Mwaka 2014 wakaamuru kijana asitoke mikono mitupu: apewe akte ya kuzaliwa, karte ya kumutambulisha, na makaratasi ya lupitalo. Mwaka 2018 wakaruhusu majimbo kusogeza mupaka mpaka miaka 23, na musaada ya masomo mpaka 26.

Munaona njia yao? Walianza na mafundisho, wakaongeza kitanda, halafu masomo, halafu wakati, mwisho makaratasi. Kila mara walitambua kwamba kitu fulani kilipunguka.

Sisemi kule ni mbinguni. Mwaka 2020 peke yake, vijana karibu 20,000 walitoka mikononi mwa Leta ya Marekani kwa sababu ya umri tu, bila kupata jamaa ya kudumu. Wengine wanalala inje. Ndugu yetu alimaliza hivi: "Feza iko. Lakini kijana asiye na mutu wa kupigia simu, ile feza inaisha mwezi moja."

Sisi wa inchi ya shaba tunajua jambo hili bila kupanda ndege. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa njia tunayoita "départ volontaire". Walipewa feza ya kutoka, na Banque mondiale ilisaidia kuilipa. Kuko waliojenga, kuko waliolima, na mpaka leo wanakula matunda. Kuko pia wale ambao feza yao iliisha haraka, na watoto wao wakaacha masomo. Hawa walikuwa wababa, watu wa miaka mingi ya kazi. Kama feza ya mara moja iliweza kuwashinda wababa, itafanya nini mu mikono ya kijana wa miaka 18?

Mu Biblia kuko mulezi mumoja ambaye tunamusahau. Ni Mordekai. Esta hakuwa na baba wala mama. Mordekai, mutoto wa baba yake mudogo, akamupokea kama binti yake. Siku moja Esta anatoka mu nyumba, anapelekwa kwa mufalme. Mordekai angeweza kusema: kazi yangu imeisha, sasa anakula kwa mufalme. Hakusema vile. Someni Esta 2:11. Kila siku alitembea mbele ya uwanja wa nyumba ya wanawake, apate kujua Esta yuko namna gani. Yakobo 1:27 tunaijua kwa moyo, tunaihubiri kila siku ya yatima. Lakini kwenda kuona yatima haina mupaka wa miaka.

Wengine watasema: "Pasta, Leta yetu haina feza ya mambo kama hayo." Ninajibu: tuongee polepole. Sisi wa maeneo ya kuchimba tuko na sheria ya mines, ile iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Inasema kwamba juu ya redevance ambayo kampuni zinalipa, 15 juu ya 100 ni ya komini, sekteri ao sheferi pahali madini inatoka, na 25 juu ya 100 ni ya jimbo. Tena kila kampuni inayochimba inapaswa kutoa hata kidogo 0.3 juu ya 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Fanyeni hesabu: kampuni ikiuza kwa dolari milioni 100, hii 0.3 ni dolari 300,000. Wawakilishi wetu wanaingia mu mikutano pahali feza hii inapangwa. Wanaomba shule, lupitalo, maji. Ni vizuri sana. Lakini nani amesimama hata mara moja kuomba juu ya kijana anayetoka mu jamaa ya kumupokea? Haiombi jumba kubwa na jiwe la musingi. Inaomba miezi 6 ya kulipa chumba, mwaka moja wa kujifunza soudire ao kushona, na vyombo vya kuanza kazi. Wazee wa kanisa, mukialikwa mu mikutano ile, musinyamaze juu yao.

Na tusingojee Leta juu ya mambo ambayo mikono yetu inafikia.

La kwanza, makaratasi. Kwa sheria mutoto anaandikwa ku etat-sivili mbele ya siku 90 tangu kuzaliwa. Watoto wengi tunaowapokea hawakuandikwa, na kisha siku zile inaomba kupita ku tribinale. Anzeni mapema, mutoto akiwa mudogo. Kijana bila akte ya kuzaliwa anakosa kazi nzuri, na karieri peke yake ndiyo haimuulize kitu.

La pili, mupango. Musingojee miaka 18. Akiwa na 15 ao 16, ikaleni naye mezani, muandike. Mu parwasi yetu wamama walifanya likelemba juu ya binti mumoja wa kulelewa: kila juma kidogo kidogo, mwaka muzima. Siku alipotoka alikuwa na mashini ya kushona na wateja watatu. Mwanaume fulani aliyetaka kumuoa haraka haraka alikuta binti anajua kusema "ngoja kwanza".

La tatu, mutu. Kila kijana awe na mutu mumoja muzima ambaye atamupigia simu usiku akigonjwa, ao akifukuzwa mu nyumba. Si kamati. Mutu mwenye jina.

Na ninyi vijana muliolelewa mu jamaa ya wengine: musione haya kurudi nyumbani. Kurudi kula bukari siku ya Mungu si kuomba-omba, ni kufanya kazi ya mutoto. Chungeni makaratasi yenu mahali pa kavu. Na mukipata kidogo, wekeni kidogo.

Mwaka huu vijana wane wa parwasi yetu watakamilisha miaka 18 mbele ya Noeli. Wazee wameandika majina yao mu kitabu, na pembeni ya kila jina tunaandika jina la mutu atakayemufuata kama Mordekai. Watatu wamekwisha kupata. Pembeni ya wa ine fasi iko wazi bado. Wewe unayesoma, angalia mu kanisa lako: bila shaka kuko mumoja kama huyu. Andika jina lako.