Fundi, Imegoma Kuwaka

Kwa miaka mingi hapa Namatala, swali langu la kwanza kwa mteja halikuihusu kompyuta yenyewe. Nilimwuliza: nyumbani kwako mko karibu na kinu cha unga? Upande huu wa Mbale, Uganda, unaoitwa Divisheni ya Viwanda, vinu vimebanana na nyumba za watu, na mara nyingi vyote vinakula umeme wa transfoma moja. Mota ya kinu inapoanza kuzunguka, taa za majirani hufifia, na kompyuta ambayo ndiyo kwanza inaamka hujizima, ikaanza upya, ikajizima tena. Mwalimu mmoja aliniletea yake akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba bodi imeungua. Nikamwambia, "Mwalimu, irudishe nyumbani, uiwashe usiku kinu kikishafungwa." Ikawaka.

Nilianza kazi hii wakati wa mgao mkali wa umeme wa 2005 na 2006. Kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kimeshuka, maji ya kuzungusha mitambo ya Nalubaale na Kiira kule Jinja yakapungua, nasi tukawa tunapata umeme kwa zamu. Watu walilalamikia giza, lakini giza haliui kompyuta. Kilichoziua ni umeme kurudi ghafla ukiwa juu kuliko kawaida, na hapo pawasaplai ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenda. Nyingine ziliuliwa na wenyewe bila kujua. Kompyuta za mitumba kutoka Marekani zilikuwa na kiswichi chekundu kwa nyuma, kando ya tundu la waya, kimeachwa kwenye 115. Umeme wetu ni wa volti 240. Mtu anachomeka, anabonyeza, paa! Nyumba nzima inanuka.

Ile harufu ilikuwa na faida yake, maana ilitwambia pa kuanzia. Kazi ya siku hizo ilikuwa ya pua na masikio. Unaondoa kifuniko, unapuliza vumbi (hapa kwetu vumbi la barabarani limechanganyika na unga), kisha unawasha na kusikiliza. Feni inazunguka? Inalia? Mlio mrefu unaojirudia, skrini ikiwa tupu, aghalabu ulimaanisha RAM haijakaa sawa. Unaichomoa, unasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli ya mtoto wa shule, unairudisha hadi vibanio vibofye pande zote mbili. Nusu ya sifa niliyo nayo mtaani imetokana na raba ile.

Isipolia, nilitazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama wima kwenye bodi. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka viwandani na kapasita mbovu, ambazo dunia nzima zilivimba na kutoa majimaji ya kahawia. Kubadilisha tatu au nne kwa pasi ya solda kuliifufua kompyuta. Na tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa kila asubuhi, ni betri ya duara ya volti 3 imekwisha. Wakati mwingine hapakuwa na ugonjwa wowote: mtoto alisahau disketi ndani, na kompyuta ikawa inatafuta humo pa kuanzia.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika, pamoja na friji na televisheni. Bwawa la umeme la Bujagali lilipokamilika 2012, likiwa na uwezo wa megawati 250, mgao ule ulipungua. Lakini kilichobadilisha kazi yangu zaidi ni laptopu. Ina betri yake, kwa hiyo kinu kikinguruma haishtuki. Kwa upande mwingine, nyingi za sasa RAM yake imeunganishwa kwa solda moja kwa moja kwenye bodi, hakuna cha kuchomoa wala cha kusugua.

Mafuriko ya hapa Mbale ya usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 ndiyo yaliyonirudisha kwenye bisibisi kwa muda. Mto Nabuyonga na mto Namatala ilivunja kingo, watu zaidi ya 20 wakafa. Waliopona waliniletea mashine zilizojaa tope. Wachache waliuliza kama zitawaka. Wengi waliulizia picha zao. Waliojaribu kuziwasha zikiwa na maji ndani walikuwa wamekwisha kuziunguza. Wale waliotoa betri na kuzileta kama zilivyo, diski zao nyingi zilisomeka.

Siku hizi kompyuta inayogoma haina harufu wala mlio. Inawaka vizuri, kisha inaonyesha skrini ya buluu na kudai namba za kufungulia diski, tarakimu 48. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilikwamisha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na mafundi wengi walikwama hapohapo: dawa ilijulikana, ila bila namba hizo diski haifunguki. Hapa kwangu aliyekwama kwa kukosa namba zake ni mama mmoja mwenye biashara ya kahawa. Nikamwambia, "Mama, namba zimo kwenye akaunti ya mtandaoni ya aliyeianzisha kompyuta siku ya kwanza." Ni mpwa wake, aliyekwenda Dubai na kubadilisha namba ya simu. Akanitazama. "Fundi, si uifungue tu kwa bisibisi kama zamani?"

Basi wewe mwenye laptopu inayowaka leo, mwulize aliyekuanzishia alitumia akaunti ya nani. Ingia humo, uzinakili zile namba kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati ya shamba. Picha na hesabu zako zinakili kwenye flashi. Namba zikishapotea, nitakachoweza kukufanyia ni kufuta diski yote na kuanza upya.