Furu, Klorokwini na Swali la Sokwe

Katika miaka yangu ya kufundisha baiolojia jijini Mwanza, hakuna darasa jipya nililoingia nisilikute swali hili likinisubiri: "Mwalimu, kama mtu alitokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo na hawageuki?" Muulizaji aliketi akiwa na uhakika kwamba kesi imekwisha. Meza zilipigwa, na darasa likagawanyika papo hapo: wa Darwin upande huu, wa Kitabu cha Mwanzo upande ule. Ikifika hapo, hakuna aliyekuwa akisikiliza tena.

Naamini swali lile lilizaliwa na picha. Nilipokuwa shule ya msingi, miaka ya 1970, ukutani mwa darasa letu palibandikwa karatasi ya manila ambayo mwalimu wa historia aliichora kwa mkono. Ilikuwa safu ya viumbe wanaotembea, wa kwanza ameinama mikono karibu iguse ardhi, wa mwisho amesimama wima kashika mkuki. Asili ya picha za namna hiyo ni mchoro wa Rudolph Zallinger uliotoka katika kitabu kimoja cha Marekani mwaka 1965, nao umenakiliwa dunia nzima. Nadhani umeyapotosha mafunzo ya mageuko kuliko hoja zote za wanaoyapinga. Mtoto akiutazama huona sokwe akitembea hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu, kana kwamba tangu mwanzo safari ilikuwa ya kuja kwetu. Sayansi haisemi hivyo. Inasema sisi na sokwe tuna wahenga wa pamoja, walioishi miaka milioni sita au saba hivi iliyopita, na tangu tulipoachana sokwe naye amekuwa akibadilika kwa njia yake. Mimi sikuzaliwa na binamu yangu. Sote wawili ni wajukuu wa bibi mmoja, na kuwapo kwangu hakumlazimu yeye atoweke.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango, na picha ile ilimuumiza. Hakunikataza kusoma. Aliniambia, "Soma, mwanangu, ila hiyo picha usiniletee humu ndani." Nilimheshimu kwa hilo, kwa sababu nilijua alichokuwa anakilinda. Aliogopa watoto wake wafundishwe kwamba mtu hana thamani zaidi ya kitoweo, na kweli walikuwapo walimu waliotoka chuoni na kutangaza mbele ya watoto kwamba sayansi imethibitisha hakuna Mungu. Sayansi haijathibitisha jambo hilo, wala haina chombo cha kulipimia. Darwin mwenyewe aliandika katika barua ya mwaka 1879 kwamba mtu anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na papo hapo akayakubali mageuko.

Kilichoanza kuyabadilisha mazungumzo yetu, nyumbani na baadaye darasani, ni malaria.

Kila aliyekulia kando ya ziwa katika miaka ile anaikumbuka klorokwini: vidonge vichungu vilivyogoma kooni, kisha mwili kuwasha usiku kucha mpaka unajikuna kwa ukuta. Lakini ilitibu. Mtoto alikunywa leo, kesho yupo uwanjani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 taarifa za kwanza za malaria isiyosikia klorokwini barani Afrika zilitoka Kenya na Tanzania. Kufikia miaka ya 1990 tuliyaona wenyewe: mtoto anamaliza dozi, homa inatulia, baada ya wiki inarudi kwa kasi. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini ikahamia dawa nyingine, SP. Haikupita miaka mingi SP nayo ikalemewa, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kuingia dawa mseto, ALu, yenye kiungo cha jamii ya artemisinini.

Mitaani watu walisema, "Mwili umeizoea dawa." Niliusikia usemi huo sokoni, kwenye daladala, hata kwa wauza dawa. Hapo nikaona mahali pa kuanzia somo, maana dhana hiyo ndiyo inayowakwamisha wengi katika mageuko: kwamba kiumbe mmoja, akibanwa na shida, hujigeuza. Mwili wa mgonjwa haukuzoea chochote, wala kimelea hakujifunza kuikwepa klorokwini. Katika mabilioni ya vimelea wanaozaliana, makosa madogo hutokea katika kunakili vinasaba. Mengi hayana faida, na mengine huua. Lilipotokea kosa lililomwezesha kimelea kuitoa dawa mahali ilipokuwa ikimdhuru, wenzake walikufa na yeye akabaki, mbu akawabeba watoto wake kwenda kwa mtu mwingine. Kosa lilikuja kwa bahati. Kilichoamua nani abaki hakikuwa bahati, ilikuwa dawa tuliyoimeza sisi. Na aliyebadilika si kimelea mmoja, ni kundi, kizazi baada ya kizazi.

Malawi ilitupa upande wa pili wa habari hiyo. Iliacha klorokwini mapema, mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba klorokwini ilikuwa imerudia nguvu yake huko. Dawa ilipoondoka, usugu ulikoma kuwa faida na vimelea wa zamani wakarudi kutawala. Niliyaandika matokeo hayo ubaoni mwaka huo wa 2006, nikawaacha wanafunzi wabishane wenyewe. Ubishi wao ulikuwa mzuri, kwa sababu safari hii walikuwa wakibishana juu ya kitu kilichowahi kuwalaza kitandani.

Siku moja nilimweleza Baba hayo yote, naye tayari ni mzee wa kuongozwa mkono. Alinyamaza, kisha akasema, "Kama ni hilo, wavuvi wanalijua. Furu wa leo siyo furu wa zamani."

Alisema kweli kuliko alivyodhani. Furu ni wale samaki wadogo ambao Mama aliwaanika kwenye nyasi na kuwauza kwa fungu. Ukiwatazama kwa haraka utadhani ni samaki mmoja, lakini Ziwa Victoria lilikuwa na spishi zao zaidi ya 500: wala konokono, wala magamba ya wenzao, wakwangua mwani kwenye mawe. Matope ya chini ya ziwa yanaonyesha kwamba lilikauka na kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, kwa hiyo utitiri wote huo umepatikana katika muda ambao kwa hesabu za dunia ni mfupi mno. Kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wapo wawili wanaokaribiana sana, mmoja dume lake ni la buluu, mwingine jekundu. Wa pili amepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei. Majike huchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, spishi hizo hubaki mbili. Maji yakichafuka kwa tope na mwani, rangi hazionekani vizuri, nao huzaliana na kuchanganyika.

Kisha alikuja sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na kufurika kwetu miaka ya 1980. Spishi za furu zipatazo 200 zilitoweka. Waliosalia hawakubaki vilevile. Watafiti waliopima furu wa ghuba yetu waliona kwamba katika miongo michache baadhi yao wamekuwa na matamvua mapana zaidi, yanayofaa maji yaliyopungukiwa hewa. Kwa hiyo mtu akiniambia mageuko hayajawahi kuonwa na yeyote, humwelekeza Mwaloni, sokoni.

Suala la selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, nililifundisha kwa uangalifu, maana katika kila darasa alikuwapo mwenye ndugu anayeteseka nayo. Kanda ya Ziwa, takriban mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa na nakala moja ya kinasaba chake. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba nakala moja humkinga mtu na malaria kali, ilhali nakala mbili huleta ugonjwa. Mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba mageuko ni wenye nguvu kuwashinda wanyonge, na kwamba kila badiliko ni kupanda daraja, alinyamaza hapo. Kinasaba kilekile humwokoa mmoja na kumuumiza nduguye. Kilienea kwa sababu tunaishi na mbu, wala si kwa sababu ni bora.

Ubishi wa imani haukuisha, na sikutaka uishe kwa kelele. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili jijini Nairobi walitaka makumbusho ya taifa yasiiweke mbele mifupa ya zamadamu, ikiwamo ile ya Kijana wa Turkana iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Wanafunzi wangu waliniletea habari hiyo wakidhani dini zote zimetamka. Niliwaambia kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alikwishasema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, kwamba Mendel aliyefungua elimu ya urithi alikuwa mtawa, na kwamba Louis Leakey alizaliwa Kabete kwa wazazi wamisionari. Niliongeza kwamba mwaka wa 4004 KK kama mwaka wa uumbaji haumo katika Biblia. Ulipigiwa hesabu na Askofu James Ussher katika karne ya 17. Baba alilipenda hilo la mwisho. Alifungua Biblia yake akahakikisha.

Binti mmoja aliyekuwa wa kwanza kupiga meza miaka ile sasa ni muuguzi Kagera, na bado anaimba kwaya. Mwaka jana alinipigia simu. Vimelea wenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini wamethibitishwa Rwanda, na mkoani kwake pia: dawa mseto bado inaponya, lakini vimelea hao huchelewa kuisha mwilini. Hakuuliza habari za sokwe. Aliuliza, "Mwalimu, mgonjwa akiacha dozi siku ya pili kwa kuwa amepata nafuu, ndiyo tunawachagua wale sugu?" Nikamwambia ndiyo, sehemu yake ni hiyo. Akasema basi atawabandikia wagonjwa ukutani mwa zahanati, kwa herufi kubwa: asubuhi na jioni, siku tatu kamili, na hakuna dawa kabla ya kipimo.