"Mama mdogo, wewe ndiye uliyepata kumi"

Kila Alhamisi jioni mwalimu wa kompyuta wa darasa la nne alituma linki kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ujumbe wake ulikuwa uleule: chemshabongo ya wiki hii, maswali 10, mwisho saa 3 usiku.

Saa hizo mimi huwa ndiyo kwanza nashuka kwenye daladala Kimara, mkononi nina mfuko wa mboga na kichwani nina habari ambayo mhariri anaisubiri. Mtoto ninayeishi naye ni wa dada yangu. Dada yuko masomoni Mbeya, na binti yake wa miaka tisa anakaa nami Dar es Salaam. Simu yenye intaneti nyumbani ni moja tu, ya kwangu. Kwa hiyo somo la kompyuta la mtoto lilikuwa likinisubiri mimi nifike.

Wiki ya kwanza nilimpa simu nikaingia jikoni. Akapata 4. Kabla hatujalala, kundi la wazazi lilikuwa limejaa picha za matokeo ya watoto wa wenzangu: 9, 10, 10, na makofi chini yake. Sikuweka yetu. Niliona aibu kana kwamba nne ile ni yangu.

Wiki ya pili nilikaa naye. Nikawa namsomea swali, na akisita namuuliza kwa sauti ya kumwelekeza, "Una uhakika?" Akisikia sauti hiyo anabadilisha jibu. Wiki ya tatu nilikuwa nimechoka, bando linakaribia kuisha na muda umebaki dakika kumi. Nikabofya majibu mwenyewe huku yeye anakula. Kumi juu ya kumi. Nikapiga picha kioo cha simu, nikaituma kwenye kundi, nikamtumia na dada. Dada akajibu kwa sauti, anacheka kwa furaha: "Hongera sana mwanangu!" Mtoto alisikiliza ule ujumbe, akaendelea kula bila kusema neno.

Tuliendelea hivyo wiki nne mfululizo.

Siku ya wazazi

Shule ilipotuita siku ya wazazi, mwalimu wa kompyuta alitaka tuone watoto walichojifunza. Akachagua wanafunzi watano waliofanya vizuri zaidi kwenye chemshabongo. Binti yetu alikuwa mmoja wao.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: fungua programu ya kuchorea, chora nyumba, hifadhi faili kwa jina lako, lifunge, kisha lifungue tena. Mtoto wa kwanza aliifanya kwa dakika chache. Binti yetu alipofika zamu yake alishika mausi kwa mikono miwili. Mshale ukawa unakimbia huku na huku kwenye skrini. Akatazama kibodi, akatazama skrini, kisha akageuka akanitafuta katikati ya wazazi.

Sikuwa na la kumsaidia. Mwalimu, kwa upole, alisema huenda ameona haya kwa sababu ya watu, akamwita mwingine. Wazazi wakapiga makofi ya kumtia moyo. Yeye akarudi kukaa, ameinamisha kichwa.

Usiku, wakati namfunga neti, nilimwambia asijali, kila mtu hukosea. Akanijibu taratibu, "Mama mdogo, wewe ndiye uliyepata kumi."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuna chemshabongo iliyowahi kulionyesha. Darasani kwao watoto watatu hukaa kwenye kompyuta moja. Anayewahi ndiye anayeshika mausi. Yeye hukaa pembeni, ukutani, na tangu muhula uanze alikuwa hajaishika hata mara moja.

Nilichokiharibu

Jumatatu nilimpigia mwalimu nikamweleza ukweli. Nilitegemea anilaumu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema siko peke yangu, alishaanza kuhisi hivyo. Lakini aliongeza neno lililoniuma kuliko lawama. Alisema alipoona karibu darasa zima linapata 9 na 10, aliamini mada imeeleweka. Alikuwa amepanga vipindi viwili vya marudio, watoto washike kompyuta mmoja mmoja. Akavifuta, akasonga mbele.

Mimi nilidhani nimemficha mtoto mmoja aibu ya nne. Kumbe mimi na wazazi wenzangu tulikuwa tumewanyima darasa zima vipindi viwili, na waliovihitaji zaidi ni wale wanaokaa pembeni.

Ninaandika habari za afya, na jambo hili lilipaswa kuwa la kwanza kunijia akilini. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu la kidoleni, ni kizuri na kimeokoa watu wengi. Lakini aina nyingi za kipimo hicho hutafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Ndiyo maana hakifai kutumika kuangalia kama dawa imefanya kazi. Kwa swali hilo, mtaalamu wa maabara huweka damu kwenye hadubini. Kila kipimo kina swali linalokifaa, na ukikiuliza jingine kitakupotosha.

Chemshabongo ya mtandaoni ni hivyo hivyo. Swali linalouliza ni kifaa gani hutumika kuandika herufi, kati ya spika, kibodi, printa na skrini, linapima kama mtoto anatambua jina. Halipimi kama anaweza kuandika. Na likijibiwa nyumbani, kwenye simu ya mzazi, linapima pia nani yuko karibu na ile simu.

Kuna na suala la bahati. Swali lenye majibu manne, mtoto asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya nne ya kupatia. Kwenye maswali 10 atapata wastani wa mawili au matatu kwa kubahatisha tu. Maswali ya kweli au si kweli ndiyo hatari zaidi: asiyejua chochote atapata wastani wa matano. Kwa hiyo 5 juu ya 10 kwenye maswali ya aina hiyo haina tofauti na kurusha shilingi.

Kosa linaweza pia kuelekea upande wa pili. Mama mmoja kwenye kundi letu alilalamika kwamba mwanaye amepata 3 kwa sababu mtandao ulikatika katikati ya maswali. Michezo mingine, kama Kahoot, humpa alama nyingi zaidi anayejibu haraka. Mtoto anayesoma polepole, au mwenye simu nzito, anaonekana hajui kumbe anajua. Kwa hiyo kuna watoto wanaopewa sifa wasiyostahili, na wengine wanaonyimwa waliyostahili.

Si kwamba chemshabongo ni mbaya

Baada ya kisa kile nilikaribia kumwambia mwalimu aache kabisa maswali ya mtandaoni. Nikasoma kwanza, na nashukuru nilisoma.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyofanya kwa wanafunzi. Waliosoma habari mara nyingi walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika tano. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliokumbuka zaidi ni wale waliosoma kidogo kisha wakajaribu kukumbuka bila kutazama. Kujipima kwenyewe kunasaidia kujifunza. Ila lazima anayejikuna kichwa kukumbuka awe mtoto. Nilipobofya mimi, aliyefanya mazoezi ni mimi.

Na kuna maswali ya kuchagua yanayopima kufikiri. Mfano mzuri ni shindano la Bebras, lililoanzia Lithuania mwaka 2004, ambalo sasa hufanywa na watoto wa nchi nyingi. Watoto hujibu kwenye kompyuta mafumbo mafupi ya kupanga vitu, kufuata hatua na kutafuta njia. Hakuna anayeulizwa jina la kifaa, na mtoto hahitaji kuwa amesoma kompyuta ili ajaribu.

Tatizo letu, basi, lilikuwa aina ya maswali tuliyotumia na kazi tuliyoyapa. Uingereza, ambako somo la kompyuta lilibadilishwa mwaka 2014, watoto wa miaka mitano hadi saba hutakiwa kuelewa kwamba kompyuta hufuata hatua zilizopangwa, kutengeneza programu rahisi na kusahihisha makosa yake. Hayo ni mambo ya kutenda. Kuyapima kwa kuchagua herufi peke yake ni kama kupima kuogelea kwa karatasi.

Mwalimu alibadilisha mambo mawili

Kwanza, chemshabongo sasa hufanyika darasani, mwanzo wa kipindi, na haiingii kwenye ripoti. Maswali ni matano tu. Moja alilonionyesha lilikuwa hivi: mtoto amechora nyumba kwenye kompyuta ya mezani, umeme ukakatika kabla hajahifadhi. Umeme ukirudi atakuta nini? Majibu: nyumba yote, nusu ya nyumba, nyumba ipo ndani ya skrini, au haipo.

Kila jibu la swali hilo humwambia mwalimu kitu. Anayechagua kwamba nyumba ipo ndani ya skrini anadhani skrini ndiyo kompyuta. Anayechagua nyumba yote anadhani kompyuta hukumbuka kila kitu yenyewe. Hao wawili wote wamekosa, lakini wanahitaji maelezo tofauti.

Pili, kila mtoto hushika mausi kwa zamu. Mwalimu ana daftari lenye majina na vitu vinne: kufungua, kuandika, kuhifadhi, kutafuta faili. Mtoto akifanya mbele yake bila msaada, anatiwa tiki. Inachukua wiki kadhaa kumaliza darasa zima, lakini jina lenye tiki ni la mtoto kweli.

Mzazi mwenzangu

Kama shule ya mwanao hutuma maswali ya mtandaoni, nakuomba yafuatayo, nikiwa mtu niliyekosea.

Mpe mtoto simu, kaa karibu, lakini weka mikono yako mbali. Unaweza kumsomea swali kama lugha ni ngumu. Usibadilishe sauti anapokaribia kukosea, maana watoto wanatusoma haraka kuliko wanavyosoma maandishi.

Kama umemsaidia, mwambie mwalimu. Ujumbe mmoja wa "swali la 3 na la 7 nilimsaidia" una faida kwake kuliko kumi juu ya kumi.

Mtandao ukikatika, mwambie pia, ili alama ile isihesabiwe kuwa ni ujinga wa mtoto.

Baada ya maswali, chagua moja umuulize, "Kwa nini hili na si lile?" Mtoto aliyebahatisha atanyamaza au atacheka. Hapo ndipo pa kuanzia.

Acha kurusha matokeo kwenye kundi. Mimi nilianza kudanganya kwa sababu ya picha za wenzangu, na bila shaka kuna aliyeona aibu kwa sababu ya zile nilizorusha mimi.

Na kama nyumbani hakuna kompyuta, usikate tamaa. Mwambie mtoto akupe maelekezo ya kupika chai, hatua kwa hatua, nawe ufanye anachosema tu. Akisahau kukuambia uwashe jiko, weka sufuria na usimame pale. Atagundua kosa mwenyewe na kulisahihisha. Kupanga hatua na kutafuta kosa ndicho kiini cha kazi ya kompyuta, na hakihitaji bando.

Sisi tulianza na chai. Mara ya kwanza binti alisahau maji. Alicheka mpaka akakaa chini.

Dada nilimweleza kila kitu kwa simu. Alinyamaza, kisha akasema afadhali amejua, maana alikuwa ameshaanza kuwatangazia wenzake chuoni kwamba ana mtoto fundi wa kompyuta. Siku hiyo hakutuma ujumbe wa hongera.

Aliutuma wiki mbili zilizopita. Binti alikuja na daftari lake, mbele ya neno kuhifadhi pana tiki ya kalamu nyekundu. Kwenye maswali matano ya siku hiyo alikuwa amepata matatu. Nilimuuliza kama niipige picha nimtumie mama. Akafikiri kidogo.

"Piga yote," akasema. "Na matatu pia."