Niambie Utafanya Nini

Nilipoanza kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi, tulikabidhiana zamu ofisini tukiwa tumekaa, faili zikipita mkono kwa mkono. Jina, umri, ugonjwa, dawa, kitanda kinachofuata. Anayetoka amechoka, anayeingia anaandika bila kuinua macho. Bingwa aliyenifundisha kazi hakuyataka mazoea hayo. Yeye alikabidhi akiwa amesimama kando ya mgonjwa, muuguzi akiwepo.

Jioni moja alinipeleka kwa mama aliyeletwa kutoka leba baada ya kupata kifafa cha mimba. Alikuwa kwenye dripu ya magnesiamu.

"Dokta, ninachokihofia usiku huu ni figo zake," aliniambia. "Magnesiamu hutoka mwilini kwa mkojo. Mkojo ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa, dawa itajaa mwilini na pumzi itakatika. Mgonge goti kila saa. Mguu usiporuka, au akipumua chini ya mara 16 kwa dakika, funga magnesiamu, mpe kalsiamu glukoneti gramu 1 kwenye mshipa, taratibu. Ipo hapo kwenye trei. Haya, niambie utafanya nini."

Nikamrudishia yote, sista akisikiliza. Ndipo akaenda zake.

Usiku wa manane mfuko wa mkojo ulikuwa karibu mtupu. Niligonga goti, mguu haukuruka. Nilifunga dripu, na nilipogeuka kutaka kalsiamu, sista alikwisha kuivuta kwenye bomba la sindano. Sikupekua faili wala kumpigia mtu simu. Yule mama alipona.

Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa hospitali 9 za Marekani na Kanada zinazofundisha madaktari wa watoto. Walipofundishwa utaratibu wa makabidhiano uitwao I-PASS, makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Nilipousoma niliisikia sauti ya bingwa wangu. Anayetoka hueleza uzito wa hali ya mgonjwa, muhtasari wake, kazi zilizobaki na linaloweza kutokea. Anayepokea hurudia alichosikia.

Huko kurudia ndiko walikokupinga wenzangu nilipopewa kuongoza kitengo. Walisema kunapoteza muda, tena kunamshusha daktari mkubwa mbele ya wadogo. Sikukubali, na hadi leo sikubali. Mgonjwa wetu ana mpira kooni na dawa za kumlaza. Hawezi kumwambia daktari mgeni kilichosahaulika. Basi nikaanza mimi: kila asubuhi nilirudia niliyoambiwa, na madaktari wadogo wakanisahihisha.

Baadaye nikaongeza jambo moja. Kabla daktari hajaondoka, amuulize muuguzi wa kitanda hicho: "Sista, tumeacha nini?" Mara huwa ni mkono uliovimba penye dripu, mara matokeo ya maabara ambayo hayajafuatwa, mara ndugu walioshinda nje kutwa nzima bila kuambiwa lolote.