Mikono ya Shangazi

Shangazi yangu hapa Babati alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua mtaani kwetu Bagara, aliitwa yeye na maji yake ya moto na kitambaa chake kizito, na kelele za mzazi zikasikika hadi kwa majirani. Mikono ile yenye nguvu ndiyo iliyokuwa heshima yake. Kwa hiyo mwaka 2011 nilipomwambia asinikande, alininunia siku nzima.

Nilikuwa nimerudi kutoka hospitali. Utotoni nilimwagikiwa na uji wa moto, na kovu likakivuta kiwiko changu cha kulia hata mkono ukawa haunyooki. Madaktari walilikata kovu lile, wakapandikiza ngozi waliyoitoa pajani. Wengine wakisikia upasuaji wa plastiki hudhani nimetiwa plastiki mwilini, kumbe neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, nalo lahusu kufinyanga. Wala si mambo ya mabibi wa Ulaya tu. Madaktari watatu walioanzisha AMREF mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa mabingwa wa upasuaji huo.

Ngozi ilishika vizuri. Taabu yangu ilikuwa uvimbe. Vidole vilijaa hata kijiko kikanishinda kushika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba mbali na damu kuna maji mengine mwilini, limfu, yanayokusanywa kutoka kwenye nyama na kurudishwa katika mishipa ya damu karibu na mitulinga. Njiani hupita katika tezi, zile ambazo zikivimba kinenani twasema mtu ana mtoki. Damu inasukumwa na moyo. Limfu haina moyo. Hutegemea kujikunja kwa mishipa yake, mwendo wa misuli na pumzi. Na kwa kuwa vimishipa vyake vingi vimo chini tu ya ngozi, kovu likivikata maji hutuama, kama mfereji wa shamba ulioziba.

Basi kidonda kilipopona nikaambiwa nichuliwe, ila kwa wepesi wa ajabu. Unaanzia shingoni, kisha kwapani, ili njia ya mbele ifunguke. Ndipo unaushika mkono na kuivuta ngozi polepole kuelekea juu. Ukikandamiza, vimishipa hujibana. Namna hii ya kuchua ilienezwa na Mdenmarki mmoja, Emil Vodder, pamoja na mkewe Estrid, tangu miaka ya 1930.

Shangazi alinitazama nikijichua, akauliza, “Mwanangu, huko ni kuchua au ni kumpapasa paka?”

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Nadhani alijiona ameambiwa kuwa mikono yake haifai. Hata hivyo mkono wa kushoto ulinichoka upesi, nikamwomba anisaidie. Siku za kwanza ilibidi nimwambie tena na tena, “Pole pole, shangazi.” Baadaye sikuwa na la kusema.

Usiku mmoja aliuweka mkono wake juu ya wangu, akasita.

“Huu una moto,” alisema.

Sikuona kitu. Mkono uliniuma na nilitaka aendelee, tena nilimsihi. Akakataa katakata. Akaisogeza taa, tukaona wekundu umeanza kupanda kutoka kwenye kiwiko. Alikwenda mwenyewe kumwamsha jirani mwenye pikipiki. Hospitali walisema vijidudu vimeingia chini ya ngozi, na kwamba mkono wa namna hiyo hauchuliwi kabisa mpaka upone. Nilichomwa sindano siku kadhaa.

Mkono ulinyooka, karibu wote. Vidole viwili bado huvimba siku za joto. Shangazi hakuacha kukanda wazazi, wala maji hakuyapoza sana, bali tangu usiku ule nilimwona kila mara, kabla ya kuloweka kitambaa, akiweka kiganja juu ya mwili wa mzazi na kungoja kidogo.