Tisa ya Mjini, Kenda ya Ng'ambo

Katika mdahalo wa chama chetu muhula uliopita, mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu alisimama akadai kwamba Kiswahili si lugha ya Kiafrika bali ni Kiarabu kilichovunjika. Ushahidi wake ulikuwa hesabu. "Sita, saba, tisa," alisema, "ishirini, mia, elfu. Hata kuhesabu mmekopa!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kengele ikalia kabla ya zamu yangu kufika. Basi niliyotaka kuyasema siku ile nayaandika hapa.

Mimi nina nyanya wawili. Mmoja yuko Kibokoni, hatua chache tu kutoka Fort Jesus. Mwingine, mzaa mama, ni Mgiriama wa Kaloleni. Nyanya wa Kibokoni akihesabu mayai husema saba, nane, tisa, kumi. Wa Kaloleni husema fungahe, nane, chenda, kumi. Tazameni vizuri: nane na kumi ni zile zile! Naam, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu, nasi hatukuyakopa kwa mtu. Yaliyotoka Kiarabuni chini ya kumi ni matatu tu: sita, saba na tisa.

Je, kabla ya hayo Waswahili walikuwa wakifika tano kisha wanaruka hadi nane? La hasha. Walisema tandatu, fungate na kenda. Maneno haya hayakufa, yalihama nyumba. Fungate utaikuta arusini: ni zile siku saba ambazo bwana na bibi arusi hukaa ndani wakitunzwa. Kenda wazee wangali wanaitumia, na washairi hawaiachi kwa kuwa wakikosa kina, yawafaa.

Lakini kenda kubwa kuliko zote iko ng'ambo ya kisiwa chetu. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Wakauma, Warabai na Waribe huitwa Mijikenda, yaani miji tisa. Jina hilo lilishika katika miaka ya 1940, likaondoa jina la Wanyika ambalo wenyewe hawakulipenda, maana lilikuwa na dharau ndani yake.

Sasa vukeni maji mrudi mjini. Waswahili wa Mombasa ni Thenashara Taifa, na thenashara ni kumi na mbili kwa hesabu ya kale yenye asili ya Kiarabu: edashara, thenashara, thelatashara, na kuendelea. (Wale Maithnaashari mnaowajua nao jina lao ni hilo hilo kumi na mbili, kwa ajili ya maimamu wao kumi na wawili.) Taifa hizo ziko mafungu mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa.

Mwaona mambo? Huku taifa tisa, kule miji tisa. Watu hawa walikuwa majirani, wakafanya mapatano na biashara, wakaoana; lau si hivyo mimi nisingekuwapo kuandika. Mmoja akachagua tisa ya bahari, mwenziwe akabaki na kenda ya bara.

Tena twaishi na hesabu mbili kwa pamoja wala hatuumwi kichwa. Jumatano ni siku ya tano ukianza Jumamosi, na tano ni ya Kibantu. Kesho yake ni Alhamisi, nayo pia maana yake ni ya tano, ila Waarabu huanzia Jumapili. Kila wiki basi tuna siku mbili za tano zikifuatana! Vivyo hivyo nane ni yetu, lakini themanini ni ya Kiarabu.

Wareno je, waliojenga Fort Jesus mwaka 1593 wakatolewa mwaka 1698? Nao walituachia namba, lakini mahali pasipotajwa darasani: kwenye karata. Karata ya saba ni seti, kutoka sete ya Kireno, pamoja na kopa, shupaza, pau na uru. Kutoka Uhindi tulipata laki. Na ile thumuni, yaani senti hamsini, ambayo siku hizi haionekani dukani, maana yake ni sehemu ya nane. Nane ya nini? Ya reale ya zamani. Reale ilikuwa kama rupia mbili, na rupia ikaja kuwa shilingi mbili. Gawanya shilingi nne kwa nane uone.

Anayesema kukopa hesabu ni kukosa lugha, na awaambie Waingereza kwanza. Dozen waliitoa Kifaransa. Second pia, yaani "wa pili", ni ya Kifaransa, ilhali pili yetu ni yetu wenyewe. Zero yao na sifuri yetu ni ndugu wa tumbo moja, zote kutoka sifr ya Kiarabu, ila yao ilizunguka kupitia Italia. Hakuna aliyewaambia Kiingereza chao kimevunjika.

Kuna neno moja zaidi nililolipata kwa wazee: korija, yaani vitu ishirini. Boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini zilihesabiwa kwa korija, si moja moja. Mwenye babu aliyefanya kazi Bandari ya Kale na amuulize hesabu nyingine walizotumia huko, kisha aniletee nizitie katika toleo la mwakani.