Siku Moja Nje ya Shiraz: Miji ya Wafalme na Kaburi la "Mama wa Suleiman"

Jina la Shiraz si geni kwa msomaji wa pwani. Kuanzia Lamu hadi Kilwa na Visiwa vya Ngazija wamo watu wanaojiita Washirazi, na tarikh ya Kilwa inasimulia safari ya watu wa ukoo wa sultani wa Shiraz waliovuka bahari wakatua kwetu. Lisilojulikana sana ni kwamba karibu na mji huo, ulioko kusini mwa Iran, ipo miji mikuu ya wafalme wa kale zaidi, na yote yaweza kuzuriwa kwa siku moja.

Tulikuwa wanawake watatu, tukakodi gari pamoja na dereva na mwongozaji, naye pia mwanamke. Gharama yake huzidi ile ya kwenda na kundi, lakini gari husimama mtakapo, swala hutafutiwa mahali pa stara, wala hapana mtu wa kuwahimiza. Kujifunika kichwa ni sheria ya nchi, kwa hiyo buibui zetu hazikumshangaza yeyote.

Tulianza kwa mji ambao Wairani huuita Takht-e Jamshid, yaani kiti cha enzi cha Jamshid, na Wagiriki waliuita Persepolis. Uko yapata kilomita 60 kutoka Shiraz. Mfalme Darius wa Kwanza alianza kuujenga karibu mwaka 518 kabla ya Nabii Isa (a.s.), na Iskandar wa Makedonia akauteketeza mwaka 330. Ngazi zake ni fupi fupi, hata mtu mzima mwenye maumivu ya magoti huzipanda taratibu bila ya taabu. Katika ukumbi mkubwa zilikuwako nguzo 72, kila moja na urefu wa karibu mita 20. Zilizosimama leo ni 13.

Ukutani wamechongwa wajumbe wa mataifa 23 wakimletea mfalme vitu vya thamani: farasi, ngamia, vitambaa, vyombo vya dhahabu. Ni wanaume watupu, ndevu zao zimesukwa kwa ustadi. Tuliwatafuta wanawake kwa muda mrefu. Mwishowe mwongozaji alituonesha simba jike aliyeletwa na watu wa Elam. Nyuma yake wanaume wawili wamewapakata watoto wake, na yeye amegeuza kichwa kuwatazama. Mchongaji huyo, namdhania, alikuwa na mtoto nyumbani.

Lakini wanawake walikuwako, na ushahidi wake umetoka katika udongo. Mwaka 1933 wachimbuzi kutoka Chicago walikuta ndani ya ngome maelfu ya vibao vya udongo, navyo ni daftari za ghala: nani amepewa nafaka kiasi gani. Humo wanawake waliojifungua wanaandikiwa posho ya ziada, na aliyezaa mwana wa kiume hupewa mara mbili ya aliyezaa binti (hilo nalo, kumbe, halikuanza kwetu). Wamo wanawake wakuu wa vikundi vya kazi waliopokea kuliko wanaume wengi. Yumo Irdabama, bibi tajiri mwenye muhuri wake mwenyewe na mamia ya wafanyakazi, baadhi yao mahali paitwapo Tirazish, ambapo wataalamu wanapalinganisha na Shiraz ya leo.

Naqsh-e Rostam ni mwendo mfupi kutoka hapo: makaburi manne ya wafalme yaliyochongwa juu kabisa katika jabali, na chini yake Shapur juu ya farasi, akimdhalilisha Valerian, kaisari wa Roma aliyetekwa mwaka 260. Makaburi ni matupu. Jua lilikuwa kali, hatukukaa.

Pasargadae ndiyo iliyonigusa zaidi. Katika uwanda wenye upepo limesimama peke yake kaburi la Cyrus, chumba kidogo cha mawe juu ya daraja sita. Husimuliwa kwamba Waislamu walipoifungua nchi hiyo katika karne ya 7, wenyeji walisema hapo amezikwa mama yake Nabii Suleiman (a.s.), na kwa heshima hiyo pasibomolewe. Jina hilo likadumu. Ndani pakachongwa mihrabu, na katika karne ya 13 msikiti ukajengwa kulizunguka kaburi kwa nguzo zilizotolewa katika majumba ya Cyrus mwenyewe. Nguzo hizo ziliondolewa wakati wa maandalizi ya sherehe za Shah za mwaka 1971. Mwanzoni mwa karne ya 19 msafiri Mwingereza, James Morier, aliandika kwamba funguo zilikuwa mikononi mwa wanawake, na wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Yeye aliishia mlangoni. Siku hizi hapaingii mume wala mke.

Njiani kurudi, mwongozaji alituuliza kwa nini watu wa mbali vile hujiita kwa jina la mji wake. Tukamweleza habari za majahazi na za masultani. Alisikiliza, kisha akauliza: "Na mama zao walitoka wapi?"

Jibu lake lipo. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa na kwingineko pwani. Kwa upande wa baba, wengi walikuwa na asili ya Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza yapata miaka elfu moja iliyopita. Kwa upande wa mama, karibu wote ni Waafrika. Basi tukaanza, kila mmoja kwa zamu, kuwataja bibi zetu wa kuukeni: mama, mama yake mama, na mama yake huyo. Mpaka taa za Shiraz zinaonekana, hapakuwa na aliyefika wa tano.